Mganga Asiyedaiwa

Mganga alinyanyua mkono, upepo wa kusi ukageuka, jahazi likakwepa mwamba na mabaharia wote wakapona. Binamu yangu akachukua penseli, akatia giza kiduara kimoja kwenye karatasi ya mhusika wake, kisha akarudi kwenye kashata.

Shangazi alikuwa ametoka barazani kukusanya vikombe. Yeye hachezi, ila husikiliza kuliko sisi tunaocheza. Akauliza, "Na huyo mganga wako, kamlipa nani?"

Binamu akamweleza kwa adabu. "Halipi mtu, Shangazi. Ana nafasi nne kwa siku. Akilala, asubuhi zinarudi."

"Akilala!" Shangazi akacheka mpaka vikombe vikagongana. "Kageuza kusi, halafu kalala zake. Haya."

Akaingia ndani.

Sisi tuliendelea mpaka usiku mkubwa, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka mchezoni. Swali lile limenikaa wiki kadhaa sasa. Kila nilipoketi kurekebisha kanuni za uganga nilikuta limenitangulia kwenye karatasi.

## Mzinga na usingizi

Kwa wageni wa blogu hii: tunacheza mchezo wa kusimulia mezani, kila mmoja na mhusika wake, mimi ndiye msimulizi. Meza yetu iko Ngamiani, Tanga, na mchezo wetu unakaa pwani ya Mrima miaka michache kabla ya 1888, kabla Abushiri hajainua silaha pale Pangani. Kuna nahodha, kuna mganga, kuna mpagazi aliyetoroka msafara, kuna binti wa liwali. Ulimwengu tumeutunga wenyewe. Kanuni za uganga tulizibeba kutoka mchezo wa Kimarekani wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, kwa kuwa ndizo tulizozizoea.

Kanuni hizo zina ukoo wake, na ukoo wenyewe ni wa kijeshi. Mwaka 1971 ulitoka mchezo uitwao Chainmail, wa kupiganisha vijiaskari juu ya meza. Mchawi aliingizwa humo kama silaha nzito: moto wake ulipiga eneo sawa na manati kubwa, radi yake ilipimwa kwa kipimo cha mzinga. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, wakaongeza wazo lililotoka kwenye hadithi za Jack Vance: mchawi anakariri maneno yake mapema, na akishayatumia yanamtoka kichwani mpaka ayakariri upya.

Mzinga, risasi, na usiku wa kujaza risasi.

Sidharau. Mfumo huo una haki yake: kila aliye mezani anaweza kuhesabu, msimulizi hawezi kumpendelea mtu, na mchezaji anajua akiba yake kabla hajaingia hatarini. Mganga akiachwa aweze lolote, mchezo unakufa mapema, sababu wenzake wanabaki kumshangilia tu.

Lakini swali la Shangazi halikuwa la idadi. Nikaanza kupekua michezo mingine nione nani anamlipa nani. Kwenye Call of Cthulhu, wa 1981, unalipa kwa akili zako timamu, ukizidisha unarukwa. Kwenye Ars Magica, wa 1987, unaunganisha vitenzi vitano na majina kumi ya Kilatini, ukipata jozi hamsini za kuchezea, na ukitunga jambo papo kwa papo mwili unachoka. Unknown Armies, wa 1998, ulinisimamisha kidogo: humo kila mwenye nguvu ana mwiko wake, na akiuvunja, akiba yote aliyokusanya inapotea. Nikahisi waandishi wake walipita Ngamiani usiku bila kuaga. Ila hata humo mwiko ni baina ya mtu na nafsi yake.

Aliyekaribia ni RuneQuest, wa 1978. Humo nguvu zinapitia kwenye dini ya mungu fulani, na anayezipata anadaiwa muda wake na sehemu ya kipato chake. Kuna mtu mwingine upande wa pili wa biashara.

Kwingine kote, mlipaji na mlipwaji walikuwa mtu mmoja.

## Daftari

Uganga ninaoujua mimi, kwa kuusikia na kwa kukaa karibu nao, haukai kwa mtu peke yake. Kuna ada ndogo inayotangulia kabla mkono haujanyanyuka: sarafu, kaniki, kuku wa rangi iliyotajwa. Kuna kinachobaki mpaka mgonjwa ainuke. Na mganga mwenyewe kaupata mkoba kwa mtu, fundi wake, ambaye naye alikuwa na fundi wake, na mkoba haukuja bure. Ulikuja na miiko, huyu hali samaki fulani, yule hapiti njia fulani jua likitua. Mwenye pepo ni kiti tu. Pepo ana matakwa yake, ana ngoma yake, na akicheleweshewa anajua pa kubana.

Basi nikafuta viduara vyote. Mahali pake nikaweka ukurasa mtupu wenye mistari, kama daftari la mkopo la dukani. Kanuni ya kwanza ikawa hii: hakuna uganga usioandikwa. Ukitaka kugeuza upepo, unaandika nani kakupa nguvu, anataka nini, na lini. Kulala hakufuti chochote.

Nilijiona nimemaliza.

Tukaucheza, na ukawa usiku mkavu kupita yote tuliyowahi kukaa. Binamu aliandika deni moja, akalitazama, akafunga daftari, na tangu hapo mganga wake akawa mtu wa kushauri tu. Jahazi likazama. Kijiji kikaugua. Yeye anapiga kasia. Nilipomuuliza mbona hafanyi kitu, akanijibu jibu ambalo sikuwa na la kulipinga: "Kaka, kila nikifungua mdomo nadaiwa. Bora nikae kimya."

Hapo ndipo nilipokwama hasa. Nilikuwa nimejenga gharama isiyo na faida, na mchezaji mwenye akili akiona gharama ya namna hiyo huikimbia. Nikafikiria kurudisha viduara. Nikafikiria kupunguza madeni, mawili kwa kila matatu, nikajikuta natunga tena hesabu ya risasi kwa jina jingine.

Aliyenitoa ni dereva wetu wa bajaji, anayecheza nahodha. Alisema kwa kulalamika, wala hakuwa anatoa ushauri: "Huyu mganga kaniokolea chombo mara ngapi, na hajawahi kunidai hata senti."

Kumbe! Daftari lilikuwa na upande mmoja tu.

Mganga anadaiwa na fundi wake na mizimu, sawa. Lakini naye anadai. Anamdai nahodha, anamdai liwali, anawadai wazazi wa mtoto aliyepona. Siku hiyo hiyo tukapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto wanaonidai, kulia ninaowadai. Na deni likaruhusiwa kuhama. Mzimu wa mtoni ukimtaka mganga mbuzi mweusi, mganga anaweza kumwambia nahodha, mbuzi huyo ni wako, unakumbuka kusi? Nahodha naye ana watu wake.

Kuanzia hapo meza ikachangamka kwa namna ambayo nafasi nne kwa siku hazikuwahi kuichangamsha. Watu wakaanza kutafuta uganga ili wadaiane. Mpagazi, anayechezwa na mwalimu wa hesabu tunayemwita Ticha, akawa ndiye pekee asiyedaiwa na yeyote, na akalinda ukurasa wake mweupe kwa wivu. Sikutegemea kwamba kutodaiwa kungekuwa ndiyo tabia ya mhusika.

## Kete badala ya dadu

Dadu letu la pande ishirini lilipotea chini ya kabati la Shangazi na halijaonekana. Ticha akasema tusiagize jingine. Akaleta kete za bao.

Anajua kanuni za ramli kama hesabu tu. Kupiga ramli hapigi, na ukimwita mpiga ramli atakukasirikia. Unachukua kete kiganjani bila kuzihesabu, unaziondoa mbilimbili. Ikibaki moja, unachora nukta moja. Zikibaki mbili, nukta mbili. Fanya hivyo mara nne, upange kutoka juu kwenda chini, hilo ni umbo moja. Maumbo yanayowezekana ni 16, basi. Unatengeneza manne, hao ni mama. Ukisoma mistari yao kwa kwenda kando, ule wa juu wa wote wanne, kisha wa pili, wa tatu, wa nne, unapata mabinti wanne bila kushika kete tena. Halafu unajumlisha wawiliwawili, mstari kwa mstari: jumla ikiwa witiri, nukta moja, ikiwa shufwa, mbili. Wanane wanazaa wanne, wanne wanazaa mashahidi wawili, mashahidi wanamzaa hakimu.

Ticha alikuwa na furaha ambayo sijaiona hata siku ya mshahara. Jumla ya nukta za hakimu, alisema, haiwezi kuwa witiri kamwe. Kila nukta ya mama inaonekana tena kwa mabinti, ila imebadili mstari tu. Kwa hiyo kila kitu kimejumlishwa mara mbili, na kilichojumlishwa mara mbili ni shufwa. Hakimu akitoka witiri, mpigaji kakosea kuhesabu mahali. Mfumo unajikagua wenyewe. Watu walikuwa wanatumia hesabu hii karne nyingi kabla ya kompyuta, kutoka Afrika Kaskazini mpaka Ulaya ya zama za kati. Madagascar wana sikidy, wanaipanga kwa mbegu vilevile. Ifá ya Wayoruba nayo inaanzia kwenye maumbo 16, inafika 256.

Kwa mtunzi wa mchezo hii ni dhahabu. Kuna namna 65,536 za kuwatandaza mama wanne, lakini mahakimu wanaowezekana ni wanane tu, na kila mmoja ana nafasi sawa: 8,192. Nikaandika majibu manane. Ticha akaongeza kwamba nukta nne za mshazari, mstari wa kwanza wa mama wa kwanza, wa pili wa mama wa pili na kuendelea, zinajifuta zenyewe njiani na hazimgusi hakimu hata kidogo. Mwenye haraka anaweza kuokoa viganja vinne. Binamu alikataa. Kwake mganga anayefupisha si mganga, na nadhani ana haki; kete zinapotoka kiganjani watu wote wanainamia meza, na dadu halijawahi kutuinamisha hivyo.

## Nani

Swali la kwanza mezani kuulizwa ramli lilikuwa lile ambalo kila mtu angeliuliza. Watoto wa kijiji wanaugua. Wazee wamekuja kwa mganga. Binamu akashika kete: "Nauliza, nani anawaloga?"

Anayecheza binti wa liwali anasomea uuguzi. Akaweka kalamu chini. "Jamani, hilo mimi sichezi," akasema. "Mkishamtaja, mtamkuta bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho mekundu ni moshi wa jikoni."

Hakuna aliyebisha. Sote tumekua tukisikia habari za vikongwe waliouawa Kanda ya Ziwa kwa sababu mtu alitaja jina, na habari za ndugu zetu wenye ualbino. Ramli chonganishi kila Mtanzania anaijua kutoka kwenye taarifa ya habari kabla hajaijua kutoka kwa mpiga ramli. Tuna sheria ya uchawi tangu 1928, tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002, na bado viongozi wanasimama mbele ya vipaza sauti kuwaonya wanaotaja majina.

Michezo ya Ulaya na Marekani ina uganga wa kutambua uovu. Unawasha, unaona mwovu ni yupi, unachomoa upanga. Huko pengine ni burudani. Huku kwetu huo ndio uganga wa hatari kuliko kumuua mtu kwa radi, kwa sababu radi haipo, na kutaja jina kupo.

Nilijiuliza kama mchezo wenyewe unafaa. Ukisema katika ulimwengu huu uganga unafanya kazi, umeshasema nusu ya kile anachokisema yule mchonganishi. Rafiki mmoja aliniambia niuweke mchezo kwenye nchi ya kubuni yenye milima ya barafu, nitakuwa salama. Niliijaribu barafu karatasini. Wahusika wakaanza kuongea kama watu wa filamu zilizotafsiriwa vibaya, nikaitupa.

Njia tuliyoishika ni hii. Hakimu anajibu lini, wapi, kwa njia gani, kwa kafara gani. Nani, hajibu. Majibu yote manane yameandikwa bila mtu ndani yake. Mganga wa mezani anaweza kutaja jina akitaka, mdomo ni wake, na wanakijiji wanaweza kumwamini. Lakini jina alilolitaja analiandika upande wa kushoto wa daftari lake mwenyewe. Anadaiwa na aliyemtaja. Deni hilo ndilo pekee lisilohama.

Binamu aliisoma kanuni hiyo mara mbili, akazirudisha kete. "Nauliza wapi maji yao yanatoka," akasema.

Hakimu alitupeleka kisimani.

## Vilivyobaki nje

Kombe sikuliweka. Maandishi yale ya zafarani yanayooshwa na kunywewa ni maneno ya Mungu, na ndani ya nyumba hii kuna mtu aliyeyanywa akiwa mgonjwa. Kete siwezi kuziweka juu yake. Majina ya majini yanayojulikana sikuyaweka pia. Yetu tumeyabuni, na moja linafanana kwa makusudi na jina la daladala iliyokufa zamani.

Wasomaji kadhaa mmeniuliza mbona hakuna mapango ya Amboni. Watu bado wanakwenda mapangoni mle na sadaka zao, na wanayoyaomba ni mazito, watoto, aghalabu. Hapo pana wenyewe. Nilichochukua ni uvumi tu, ule wa kwamba pango linatokea Mombasa, au Kilimanjaro, ikitegemea nani anakusimulia. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo mwaka 1994, na refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja. Kwenye mchezo wetu kuna pango lisilo na jina, na urefu wake haupimwi kwa kamba: linafika mbali kadiri ya deni kubwa ulilo nalo. Ticha anaingia na kutoka, hatua tatu. Mganga aliingia akatembea usiku kucha.

Nyuki ndio walionisumbua. Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhambulia Tanga, nyuki walitoka mizingani wakawavamia, na hadi kesho wako wanaosema Wajerumani waliwatega kwa nyaya, ingawa inasimuliwa pia kwamba Wajerumani nao waliumwa. Jambo kama hilo linaandikwa daftari la nani? Nimeamua haliandikwi. Msimulizi anaruhusiwa kuleta ajabu isiyo na mdai, kwa sharti kwamba haimwokoi mchezaji yeyote wala haimlengi. Inawauma wote.

## Deni la marehemu

Lililobaki halijaisha, na meza imegawanyika.

Nahodha wetu alizama karibu na kisiwa cha Maziwe akiwa na madeni matatu. Dereva wa bajaji akataka kuanza na mhusika mpya, daftari jeupe. Binamu akapandisha sauti: haiwezekani, aliyekufa si kapotea, na mazikoni huwa tunasikia nini? Anayemdai marehemu aje aonane na familia. Deni linalipwa kabla ya kugawa mirathi.

"Basi familia ni nyie," dereva akasema.

Tukamzika nahodha mezani. Wadai wakaja mmojammoja, nikiwasemea mimi. Mwenye jahazi alitaka fedha, binti wa liwali akalipa. Mganga akasamehe la kwake, baada ya kulitazama kwa muda ambao ulituchekesha. Likabaki la mzimu wa mtoni, mbuzi mweusi ambaye alikuwa amehama mikono mara nyingi mpaka hakuna aliyekumbuka vizuri alianza kwa nani.

Ticha akalichukua. Ndiyo mstari wa kwanza kwenye ukurasa wake, kauandika kwa wino, na sasa kila tukionana ananiuliza kama mpagazi anaruhusiwa kuuliza kete ni lini atadaiwa, au mpaka apitie kwa mganga. Ninaelekea kusema apitie kwa mganga. Binamu ameshaanza kupanga ada.